Nani alimlipia nauli Ibn Battuta?



Hapa Kileo, chini ya milima ya Upare, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita kutwa nzima, na vijana ninaowafundisha somo la dini wamekua wakiyatazama. Siku moja tulikuwa katika mada ya zaka, tukafika kwenye yale mafungu manane ya wanaostahiki kupewa. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama huyu ibn sabil, msafiri aliyeharibikiwa njiani, bado yupo siku hizi au amebaki vitabuni tu. Akaeleza sababu ya swali lake. Yeye anatamani kuiona Kilwa, Lamu, Istanbul, na Insha Allah siku moja Makka, lakini baba yake ni mkulima wa mahindi, na kila anayemwambia habari hiyo humjibu kuwa safari ni mambo ya watalii na watoto wa wakubwa.

Nilimjibu jibu la kitabuni, kengele ikalia, tukatoka. Lakini nafsi yangu haikutulia, kwa sababu swali lake halikuwa la mtihani. Alikuwa anauliza kama mtu asiye na fedha ana haki ya kuiona dunia aliyoiumba Mwenyezi Mungu. Jibu la swali hilo nimeona niliandike hapa, kwa kupitia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake tunalitaja sana, lakini ni nadra kujiuliza nauli yake ilitoka wapi.

Mtu huyo ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa mji wa Tangier, kaskazini mwa Moroko, mwaka 1304 Miladia, sawa na mwaka 703 Hijria. Ukoo wao ulikuwa wa wasomi na makadhi wa madhehebu ya Imam Malik, naye akasomeshwa fiqhi hiyo tangu utotoni. Elimu hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Mwezi Juni mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake kwa ajili ya kwenda Hijja. Alitoka peke yake, bila msafara wala rafiki, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi moyo ulivyomuuma kuwaacha baba na mama wangali hai. Hapana shaka hakujua kuwa asingewaona tena.

Hebu tuangalie sasa mambo ya nauli. Njiani, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikutana na msafara wa wafanyabiashara, na akapatwa na homa kali. Mwenzake mmoja wa msafara akamshauri auze mnyama wake na mizigo yake mizito, naye angemwazima mnyama na hema, ili asafiri mwepesi na kwa kasi, kwani njia ilikuwa na wanyang'anyi. Akakubali. Homa ilipozidi alijifunga kwa kitambaa cha kilemba juu ya tandiko asianguke, akaendelea. Walipofika mji wa Constantine, nguo zake zikiwa zimeloa na kuchafuka kwa mvua, gavana wa mji akaamuru zifuliwe, akampa na nguo mpya ya ihram. Katika pembe moja ya nguo hiyo gavana alikuwa amefunga dinari mbili za dhahabu. Ibn Battuta aliikumbuka hiyo kuwa sadaka ya kwanza aliyoipata njiani, na akaikumbuka mpaka uzeeni.

Alipoingia Tunis, watu wa msafara walipokewa na jamaa zao, wakasalimiana na kukumbatiana. Yeye hakusalimiwa na mtu. Akashindwa kuzuia machozi, mpaka hujaji mmoja alipomwona akaja kumliwaza. Mjini humo alilala katika madrasa, yaani chuo cha wanafunzi wa dini, si katika nyumba ya kulipia. Na msafara wa mahujaji ulipoondoka Tunis, kijana yule aliyelia kwa upweke ndiye aliyechaguliwa kuwa kadhi wao. Tayari elimu yake ilikuwa imeanza kumlipia.

Misri na Sham ndiko alikoona vizuri jinsi umma ulivyojipanga kwa ajili ya watu wa namna yake. Cairo alikuta nyumba za masufi zinazoendeshwa kwa mali ya waqfu. Mkazi wake alipewa chakula, nguo, sabuni ya kufulia, fedha ya kuingilia hamamu, mafuta ya taa, na posho ya kati ya dirham 20 na 30 kwa mwezi. Damascus, alikofika katika Ramadhani ya mwaka 1326, alikuta waqfu za kila aina. Ilikuwapo ya kuwasaidia wasioweza kwenda Hijja, ya kuwaandalia mabinti wa masikini vyombo vya harusi, na ya kuwakomboa mateka. Ilikuwapo pia ya wasafiri, ambao walipewa chakula, mavazi na gharama ya kuwafikisha makwao.

Tena siku moja alimwona mtumwa mdogo ameangusha sahani ya Kichina barabarani ikavunjika, naye akawa anatetemeka kwa kumwogopa bwana wake. Watu wakamwambia akusanye vipande, wakamwongoza kwa msimamizi wa waqfu ya vyombo. Akavionyesha vile vipande, akapewa thamani ya kununua sahani nyingine. Tafakari, ndugu msomaji. Kuna tajiri alikaa akafikiria hofu ya mtoto aliyevunja sahani, akaitengea mali yake milele.

Katika mji huo huo Ibn Battuta aliugua. Mwalimu mmoja wa fiqhi ya Malik, aliyeitwa Nuruddin as-Sakhawi, alimchukua nyumbani kwake akamuuguza, na msafara wa Hijja ulipokaribia kuondoka akamkodia ngamia, akampa masurufu na fedha juu yake. Hapo Damascus pia alihudhuria darsa na kupata ijaza, yaani shahada za masheikh. Shahada hizo zilikuwa barua za utambulisho, na kila mji aliokwenda baadaye walikuwapo wanachuoni waliojua maana yake.

Alihiji mwaka huo wa 1326. Angeweza kurudi kwao. Badala yake alikwenda Iraq na Uajemi, akarudi Makka akakaa kusoma, kisha akashuka Yemen na Aden, na kutoka huko akapanda jahazi kuja kwetu. Hapa inafaa vijana wa pwani na bara wasikilize vizuri.

Ilikuwa mwaka 1331 hivi. Alikuja na upepo wa kaskazi, kama walivyokuja mabaharia wote, kwa sababu upepo hautozi nauli. Mogadishu alikuta desturi kwamba mfanyabiashara hupokelewa na mwenyeji wake, lakini mwanachuoni hupelekwa kwanza kwa sultani. Akalazwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa alilala usiku mmoja. Aliwasifu watu wake kwa uchaji wao, akaeleza jinsi walivyochimba visima milangoni mwa misikiti, kila kisima na chombo chake cha kutekea, ili anayetaka kuingia aoshe miguu, kwani watu walitembea pekupeku. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, na chakula chao ndizi na samaki.

Kisha akafika Kilwa, hii hii ya mkoa wa Lindi, katika zama za Sultani Hasan aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, baba wa utoaji. Alisimulia kuwa siku moja ya Ijumaa, sultani akitoka kuswali, fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fukara watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru apewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Sultani huyo alipofariki akatawala ndugu yake Dawud, aliyekuwa kinyume chake. Wenye kuomba walikuwa wakijibiwa kuwa mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa.

Nimeisimulia habari hiyo kwa ukamilifu wake makusudi. Wengi huishia kwenye ukarimu. Lakini wale watumwa 20 walikuwa watu, wana wa bara hili, na Ibn Battuta mwenyewe ameeleza kuwa sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za Zanj na kuteka. Kwa hiyo ni lazima tuwe wakweli. Sehemu ya ukarimu wa zama zile ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Ibn Battuta naye alimiliki watumwa katika safari zake na hakuona tatizo. Tunapochukua mema yake, na hilo tulitaje, tusilifunike kwa jamvi.

Kusi ilipoanza kuvuma aliondoka kwenda Dhofar, Oman. Baadaye akaingia nchi ambayo leo tunaiita Uturuki, na huko ndiko lilikotokea jambo ambalo mimi binafsi naliona kubwa kuliko dhahabu zote za masultani. Katika mji wa Antalya mtu mmoja mwenye nguo zilizochakaa alimwalika yeye na wenzake kula. Ibn Battuta akastaajabu, akamwonea huruma, akidhani masikini yule hana uwezo. Akaelezwa kuwa ni fundi viatu, na kwamba ni kiongozi wa mafundi wapatao 200 waliojenga nyumba ya wageni. Kila siku baada ya Alasiri mafundi hao walimletea walichochuma, kikanunuliwa chakula, matunda na mafuta ya taa. Akifika msafiri, hulala na kula hapo mpaka aondoke. Asipofika, hula wenyewe pamoja, na asubuhi kila mmoja hurudi kwenye kazi yake.

Udugu huo uliitwa Akhi, na aliukuta mji baada ya mji. Mji mmoja, aliouita Ladhiq, watu walitoka sokoni wakashika hatamu za farasi wao, kundi jingine likaja likagombana na la kwanza mpaka visu vikachomolewa. Wasafiri wakadhani wameangukia majambazi. Kumbe walikuwa makundi mawili ya Akhi yanagombea nani awakaribishe. Ikapigwa kura, wakakaa kwanza kwa hawa na kisha kwa wale. Hawa hawakuwa masultani. Walikuwa mafundi viatu, watu wa sokoni, kama mafundi cherehani na waendesha bodaboda wa leo.

Mambo yalibadilika alipofika India. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alikuwa akiwapenda wageni wasomi, akamfanya kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Hapo ndugu yetu akaanza maisha ya wakubwa. Alikopa kwa wafanyabiashara ili ampelekee sultani zawadi, akatumia kuliko alivyopata, mpaka deni likafika dinari 55,000, na wadai wakamkalia kooni. Sultani ndiye aliyelilipa. Lakini mkono uliomlipia ndio uliokuja kumtisha, kwani sheikh mmoja aliyekuwa akimtembelea aliuawa kwa amri ya sultani, naye akawekewa walinzi. Alifunga, akasoma Qur'ani, akasubiri kifo. Aliponusurika aligawa alichokuwa nacho, akakaa miezi kadhaa na sheikh mcha Mungu, akivaa nguo za kifukara.

Kisha sultani akamtuma China kama balozi, mwaka 1342. Njiani alitekwa na wanyang'anyi, akaponea chupuchupu. Huko Calicut dhoruba ilivunja jahazi lenye zawadi, na lile lenye vitu vyake likaondoka bila yeye. Alibaki ufukweni na dinari 10 na mswala wake wa kuswalia. Balozi wa sultani mkubwa amerudi kuwa kama kijana wa Tangier! Na akaendelea hivyo hivyo. Visiwa vya Maldives akawa kadhi tena, akapanda mlima wa Adam huko Sri Lanka, akaporwa na maharamia, na hatimaye China akafika.

Safari ya kurudi ndiyo inayotia simanzi. Mwaka 1348 alipita Damascus, ambako miaka mingi nyuma alimwacha mke mjamzito. Akaambiwa mtoto alikuwa wa kiume na amefariki miaka 12 iliyopita. Hapo hapo akaambiwa kuwa baba yake naye alifariki miaka 15 iliyopita. Mwaka huo ugonjwa wa tauni ulikuwa unaua maelfu ya watu Sham na Misri. Alihiji tena, akarejea Moroko mwaka 1349, na kabla hajafika Tangier akapata habari kuwa mama yake amechukuliwa na tauni hiyo hiyo. Alikwenda kuzuru kaburi.

Hapa ndipo penye nauli ambayo haikulipwa kwa dinari. Alioa na kuacha katika miji mingi, akaacha watoto wasiomjua. Mama yake alimsubiri kwa zaidi ya miaka 20. Kijana anayetaka kuishi maisha ya safari lazima aiweke gharama hii kwenye hesabu, kabla hajauliza bei ya tiketi.

Alifanya bado safari mbili, moja Granada na nyingine Mali, mwaka 1352 na 1353. Huko Mali aligundua kuwa msafiri hana haja ya kubeba chakula wala dinari. Hubeba vipande vya chumvi, shanga za kioo na viungo, na akifika kijijini kina mama humletea mtama, maziwa na kuku wabadilishane naye. Tena njia ilikuwa salama, hata hakuhitaji msafara. Hata hivyo mazoea yana taabu. Mfalme Sulayman alipomletea zawadi ya ukaribisho, Ibn Battuta alisimama akitarajia mavazi na fedha, akakuta mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, na baadaye akamlalamikia mfalme mbele ya watu. Aliyewahi kushukuru kwa dinari mbili zilizofungwa kwenye pembe ya nguo, sasa mikate mitatu ilikuwa haimtoshi.

Alirudi mwaka 1354. Sultani Abu Inan wa Moroko akaamuru habari zake ziandikwe, na mwandishi Ibn Juzayy akaikamilisha kazi hiyo. Wanahistoria wameonyesha kuwa baadhi ya sehemu zimechukuliwa katika kitabu cha msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr, na baadhi ya tarehe hazikubaliani. Lakini kwa mji kama Kilwa, hatuna shahidi mwingine wa zama hizo aliyeona kwa macho na kusimulia kama yeye. Miaka yake ya mwisho alikuwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko. Alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 100,000.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Yapo ya kuiga. Safiri mwepesi. Fuata msimu na watu wanaokwenda huko huko. Beba ujuzi unaohitajika kila mahali, ili uwe mgeni mwenye faida, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ogopa deni. Usiwasahau wazee. Kijana huyu anajua kunyoa nywele, nami nimemwambia kuwa mashine yake ya kunyolea ndiyo chumvi na shanga zake. Likizo hii anapanga kufika Kilwa.

Lakini nusu ya pili ya jibu haimhusu yeye. Inatuhusu sisi wenyeji. Ibn Battuta hakuizunguka dunia kwa ujanja. Alizungushwa na milango iliyokuwa wazi. Je, kijana huyu akiishiwa njiani, atakuta mlango gani?

Niseme kweli hata kama inaniuma. Kabla sijahamia Kileo nilikuwa mjumbe wa kamati ya msikiti katika mji mmoja ambao sitautaja. Tuliibiwa amplifaya na mazulia. Tukakaa kikao, tukaamua msikiti ufungwe kwa kufuli baada ya Isha na asilale mtu. Mimi nilinyoosha mkono kuunga. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, nilikwenda Alfajiri nikamkuta mzee ameketi barazani na mjukuu wake wa kike wa miaka kama minane, nguo zimewaganda mwilini. Walikuwa wametoka hospitali, basi likawashusha usiku, na gari la kupanda milimani lilikuwa limekwisha ondoka. Mzee yule hakulaumu. Alitushukuru kwa baraza. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Wizi upo, sikatai. Lakini fundi viatu wa Antalya naye aliishi katika zama za wanyang'anyi. Chumba kimoja kando ya msikiti, magodoro mawili, daftari la kuandika jina na namba ya kitambulisho, na wajumbe wawili wa zamu, sidhani kama ni mzigo wa kuushinda mtaa mzima. Sisi Wapare tuna msaragambo, tunajua kujenga kwa mikono ya wengi. Na zaka tunayokusanya kila mwaka ina fungu la ibn sabil ambalo sehemu nyingi halijulikani linakwenda wapi. Mimi nimekwisha waandikia wenzangu wa kamati ile, nikaomba uamuzi tulioupitisha urudishwe kikaoni. Bado sijajibiwa.

Wewe msomaji wa Dar es Salaam, Tanga au Moshi, leo usiku baada ya Isha upite msikitini kwako. Uangalie nani ana ufunguo, na akija mgeni amuulize nani.

Wabillahi tawfiq.